Darasa la Jumamosi

Dereva wa lori la masafa marefu nchini Marekani kwa kawaida halipwi kwa saa, hulipwa kwa maili. Magurudumu yakisimama, na hela imesimama. Anaposubiri kupakiwa ghalani, anapokagua breki na taa alfajiri, anapojaza mafuta au kubadilishiwa tairi kando ya barabara kuu, anafanya kazi ambayo mara nyingi haionekani kwenye hati ya mshahara. Kampuni nyingine humpa kifuta jasho cha kusubiri, tena baada ya saa 2 za kwanza kupita. Nyingine hazimpi kitu. Madereva waliotoka Afrika Mashariki, ambao siku hizi utawakuta katika vituo vya malori kuanzia Texas hadi Minnesota, huyajua haya tangu wiki ya kwanza. Wengi huyavumilia, kwa kuwa hesabu ya mwisho wa wiki bado inalipa kodi ya nyumba na inabakiza kidogo cha kutuma kwa wazee.

Kuna saa nyingine, lakini, ambazo hazipo barabarani wala ghalani. Ni saa za mafunzo ya lazima: video za usalama na maswali yake, ambazo dereva hutakiwa kuzimaliza akiwa nyumbani kwake, katika siku chache alizopewa kupumzika, bila malipo yoyote.

Mwandishi wa makala haya amezitumikia saa hizo. Alizaliwa Mombasa na kazi ya malori aliianza akiwa tanboi wa mjomba wake, kwenye barabara ya kwenda Malaba. Hakukuwa na video. Darasa lilikuwa ndani ya safari yenyewe: mjomba aligonga tairi moja baada ya jingine kwa chuma na kumtaka kijana aseme, kwa kusikia mlio tu, lipi limepungua upepo, kabla ya mteremko alimwuliza washuke kwa gia gani, walipokaribia mizani ya Mariakani alimfundisha jinsi mzigo unavyokaa juu ya ekseli. Mjomba hakuwa mpole, na kazi ile haikuwa na mkataba wala bima. Hata hivyo, kujifunza na kufanya kazi vilikwenda pamoja, mchana ule ule, kwa chakula kile kile.

Miaka mingi baadaye, akiwa na leseni ya CDL, ya kuendesha malori makubwa, na makazi Fort Worth, Texas, aliajiriwa na kampuni moja ya malori. Hapo ndipo alipokutana na mafunzo ya namna nyingine.

Ujumbe uliingia kwenye tableti ya ndani ya kebini akiwa bado njiani kurudi nyumbani. Ulitaja orodha ya masomo, ukaweka siku ya mwisho kuwa Jumapili, na chini kabisa ukaonya kwamba dereva ambaye hatakuwa ameyamaliza hatapangiwa mzigo. Basi Jumamosi asubuhi, baada ya chai, alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Mkewe alikuwa anakuna nazi. Watoto walishavaa viatu, kwa sababu baba aliwaahidi kwenda bustanini.

Mpango wa video ulitengenezwa kwa umakini mkubwa kuhusu jambo moja: mtazamaji asiruke hata dakika. Huwezi kuisogeza mbele. Ukifungua ukurasa mwingine, inasimama. Ukikaa kimya muda mrefu, kidirisha kinajitokeza kuuliza kama bado upo, na usipokibonyeza somo linaanza upya. Mwisho wa kila somo kuna maswali. Ukikosa kiasi fulani, unarudishwa kwenye video ile ile. Mtoto wa kike alikuja akasimama kando ya kiti, akatazama lori la katuni likirudi nyuma kwenye skrini, akauliza, "Baba, wewe si unajua tayari?" Mama yake akamwita, "Njoo huku mwanangu, baba yuko kazini."

Na kweli alikuwa kazini. Familia nzima ililiona hilo. Aliyelikataa ni yule aliyeagiza kazi yenyewe.

Haitakuwa haki kuyasema masomo yale kuwa ni takataka. Somo la barafu nyembamba, ile isiyoonekana juu ya lami, lilikuwa na faida kubwa kwa mtu aliyekulia penye joto la pwani. Lilionyesha kwamba daraja hutangulia kuganda kuliko barabara iliyo juu ya udongo, kwa sababu upepo baridi hulipiga juu na chini. Lilieleza pia kwamba vioo vya pembeni vikianza kushika barafu, nayo lami huenda imeanza. Mwandishi alilikumbuka somo hilo usiku mmoja huko Oklahoma, akapunguza mwendo kabla ya daraja na kulivuka salama. Elimu ya usalama ni mali. Ndiyo maana inauma kuiona ikitolewa kwa namna inayowafanya watu waichukie.

Maana hivyo ndivyo inavyokuwa. Dereva mmoja Mtanzania, rafiki wa siku nyingi, alimweleza mwandishi jinsi anavyoyamaliza ya kwake: "Kaka, mimi naiwasha inaongea yenyewe, huku napika. Ikiuliza kama nipo, nabonyeza." Majibu ya maswali huyapata kwa kubahatisha mpaka yakubali. Ni dereva mzuri, mwangalifu, asiyelewa. Lakini amerudi nyumbani baada ya majuma kadhaa ya kulala kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, ana nguo za kufua, ana mtoto asiyemzoea vizuri, na anaambiwa atoe saa zake bure kutazama jinsi ya kufunga mkanda. Mwisho anapata cheti, na kampuni inapata kumbukumbu kwamba amefundishwa. Alichojifunza ni kidogo sana.

Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa kwa kampuni, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Lori likipata ajali mbaya Marekani, mawakili wa waliojeruhiwa huwa hawaishii kwa dereva. Huomba faili lake lote: alifundishwa nini, lini, na mwajiri alifanya nini kuhakikisha anajua. Kampuni za bima nazo huuliza hayo kabla ya kupanga bei. Orodha ya vyeti vyenye tarehe ni kinga ya mwajiri mahakamani, na mafunzo yanayohusu mizigo ya hatari ni takwa la sheria yenyewe, kwamba mfanyakazi afundishwe upya angalau kila baada ya miaka 3. Kwa ufupi, mafunzo yanamfaa mwajiri kwa njia ambayo inaweza kuhesabiwa kwa dola. Kwa nini gharama yake ibebwe na mshahara wa dereva?

Mwandishi aliuliza swali hilo. Alipiga simu idara ya usalama ya kampuni yake Jumatatu moja, akazungumza na mtu mwenye adabu, aliyemsikiliza hadi mwisho. Jibu lilikuwa kwamba mafunzo yanamsaidia dereva kulinda leseni yake, kwa hiyo ni faida yake binafsi, na kwamba kampuni imeyaweka kwenye mtandao ili kila mtu achague wakati unaomfaa. Mwandishi akauliza: na asiyechagua wakati wowote? Akajibiwa kwamba huyo hapangiwi mzigo.

Jibu hilo la pili ndilo linalobatilisha la kwanza. Kanuni za Idara ya Kazi ya Marekani, zinazofafanua sheria ya kazi ya mwaka 1938, zinaruhusu muda wa mafunzo kuachwa nje ya saa za kazi endapo mambo 4 yametimia kwa pamoja. Mafunzo yawe nje ya saa za kawaida za kazi. Mfanyakazi ahudhurie kwa hiari. Somo lisihusiane moja kwa moja na kazi yake. Na wakati huo asifanye kazi nyingine yoyote ya mwajiri. Likikosekana moja, muda huo ni wa kazi. Kanuni inayofuata inakwenda mbali zaidi: hiari haipo mwajiri anapoagiza, wala haipo pale mfanyakazi anapofanywa aelewe kwamba asipohudhuria kazi yake itaathirika. Video ya kurudisha trela nyuma inahusiana na kazi ya udereva kupita kitu chochote. Na tishio la kukosa mzigo linatosha kuiondoa hiari.

Ukiishia hapo utadhani dereva ameshashinda. Mambo si mepesi hivyo.

Sheria hiyo ya 1938 inamhakikishia mfanyakazi kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Inataka pia malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, ila madereva wa malori yanayovuka majimbo wametengwa katika kipengele hicho. Kwa hiyo kinachobaki kwao ni kima cha chini, na mahakama nyingi za serikali kuu hukipima kwa wiki nzima: mshahara wote wa wiki unagawanywa kwa saa zote za kazi. Chukua dereva anayelipwa senti 55 kwa maili. Ameendesha maili 2,200 na kufanya kazi saa 65. Amepata dola 1,210. Muongezee saa 3 za mafunzo bila senti, ziwe 68. Kima cha chini kwa saa hizo ni dola 493, naye yuko mbali juu yake. Saa zake 3 zilikuwa za kazi, hakulipwa, na bado kwa hesabu hiyo sheria ya kima cha chini haikuvunjwa. Madereva wengi hukata tamaa wakifika hapa, na mawakili wengi huirudisha kesi.

Majimbo mengine yana macho makali zaidi. Tangu mwaka 2016 sheria ya California inamtaka mwajiri anayelipa kwa kipande, au kwa maili, alipe kando muda ambao mfanyakazi anamtumikia bila kuzalisha kipande chochote. Mwaka huo huo wa 2016, jopo la raia katika mahakama ya San Francisco liliwapa madereva wa Walmart zaidi ya dola milioni 54, kwa kazi kama ukaguzi wa gari, muda wa mapumziko na saa za kulala safarini ambazo mwajiri aliendelea kuzidhibiti. Mahakama ya rufaa iliiacha hukumu hiyo isimame Januari 2020. Kesi ile haikuhusu video za nyumbani, lakini iliwaonyesha madereva jambo waliloambiwa kwa miaka kuwa haliwezekani: saa iliyofichwa ndani ya maili inaweza kutolewa nje na kuhesabiwa peke yake.

Mwandishi hakuwa California. Njia aliyoipata ilitokea mahali pengine kabisa, katika kanuni za usalama barabarani.

Saa za dereva wa Marekani zinalindwa na FMCSA, chombo cha serikali kuu kinachosimamia malori. Anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14, kisha apumzike saa 10. Kwa kampuni inayofanya kazi kila siku, hawezi kuendelea kuendesha akishafanya kazi saa 70 ndani ya siku 8, mpaka saa za siku za mwanzo zitoke kwenye hesabu, au apumzike saa 34 mfululizo ili hesabu ianze upya. Tangu Desemba 2017 kumbukumbu za saa hizo, ambazo madereva huziita logi, hutunzwa na kifaa cha elektroniki kilichofungwa kwenye injini. Na mwongozo wa FMCSA unasema wazi kwamba kazi yoyote anayomfanyia mwenye kampuni ya malori, iwe ya kulipwa au isiyolipwa, lazima iandikwe kuwa muda wa kazi.

Hebu weka Jumamosi ile ndani ya kanuni hizo. Dereva ameegesha Ijumaa saa 2 usiku, saa zake 70 zimekwisha na anategemea mapumziko ya saa 34 kuzirudisha. Saa 34 zake zinaisha Jumapili saa 12 asubuhi, na mzigo umeshapangwa kuondoka asubuhi hiyo. Jumamosi saa 4 anaanza video, anamaliza saa 6 mchana. Akiandika ukweli, mapumziko yake yamekatika katikati. Saa 34 zinaanza upya saa 6 mchana na kuisha Jumapili saa 4 usiku, mzigo ukiwa umeshamsubiri mchana kutwa. Akitaka kuuwahi mzigo, inambidi kumbukumbu iseme alikuwa anapumzika, wakati mtambo wa mafunzo umehifadhi dakika aliyoingia, dakika aliyotoka na kila jibu alilobonyeza. Siku ajali ikitokea, wakili yeyote makini ataziweka kumbukumbu hizo mbili kando kwa kando. Ile ya mafunzo itaisaidia kampuni. Ile ya saa za kazi itamtia hatiani dereva, kwa kuwa sahihi iliyopo ni yake.

Mzee mmoja Mkongo, aliyeendesha malori Lubumbashi kabla ya kuja Texas, ndiye aliyemfungua macho mwandishi. Walikuwa wanasubiri kushushiwa mizigo katika ghala moja nje ya Dallas. "Ndugu yangu," akasema, "usigombane nao kwa sababu ya pesa. Pesa watakuzungusha. Andika saa yako. Wakiiona kwenye logi, wao wenyewe watakutafuta."

Ikawa hivyo. Awamu iliyofuata ya masomo ilipokuja, mwandishi aliingiza kwenye logi, kupitia simu yake, kwamba yuko kazini bila kuendesha, akaandika sababu: mafunzo yaliyoagizwa na kampuni. Jumapili asubuhi dispacha, mpangaji wa mizigo, alimpigia akiwa amechanganyikiwa. Mbona saa hazijarudi? Akaelezwa. Akanyamaza, akasema atapiga tena. Aliyepiga safari hii alikuwa mtu wa idara ya usalama, mwingine, mwenye cheo kikubwa zaidi. Aliomba marekebisho ya logi. Mwandishi alimwuliza kwa heshima kama angeweza kumwandikia barua pepe inayomwelekeza aandike kwamba saa za mafunzo ya lazima ni mapumziko. Barua hiyo haikuja. Kanuni iliyoanza kutumika Januari 2016 inakataza kampuni kumlazimisha dereva avunje kanuni za usalama kwa vitisho, na mtu wa idara ya usalama hahitaji kukumbushwa hilo.

Mzigo wa siku hiyo ulipewa dereva mwingine, na mwandishi alipoteza maili zake. Wiki chache baadaye siku ya mwisho ya masomo iliongezwa kwa madereva wote, na ikaruhusiwa kuyafanya wakati lori limesimama ghalani likisubiri mzigo, muda ambao tayari umeandikwa kuwa wa kazi. Malipo hayakuja. Lakini Jumamosi ilirudi kwa wenyewe, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa katika nyumba nyingi.

Ulaya inaonyesha kwamba kuna namna nyingine ya kulipanga jambo hili. Huko dereva wa lori anatakiwa kupata saa 35 za mafunzo kila baada ya miaka 5 ili aendelee na kazi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 linasema kwamba mafunzo ambayo sheria au mkataba wa pamoja unamtaka mwajiri ayatoe yawe bure kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa muda wa kazi, na inapowezekana yafanyike ndani ya saa za kazi. Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja huo, katika shauri lililotoka Romania, iliamua kwamba muda wa mafunzo aliyoagiza mwajiri ni muda wa kazi, hata yakifanyikia nje ya kituo cha kazi na mfanyakazi akiwa hafanyi shughuli zake za kila siku. Hoja ya mahakama ilisimama juu ya afya: mtu asiyepumzika ni hatari kwake na kwa wengine. Kwa mtu aliye nyuma ya usukani wa tani 36, hoja hiyo haihitaji ufafanuzi.

Mwandishi alihama kampuni ile kwa salama. Anakofanya kazi sasa, mafunzo yana mstari wake kwenye hati ya mshahara, na masomo ni machache, mafupi, yanayofuatwa na mkufunzi anayepanda lori na dereva. Vijana wanaotoka Kenya, Tanzania na Kongo humpigia wakiwa wanatafuta kazi ya kwanza, na huwapa mambo ya kufanya kabla ya kutia sahihi. Waulize kama mafunzo ya mtandaoni yanalipwa na kwa kiwango gani. Waulize yanaandikwaje kwenye logi. Wakishaajiriwa, waweke daftari dogo la tarehe na saa za kila somo, na picha za ujumbe unaotishia kuwanyima mzigo. Dai la mshahara chini ya sheria ya 1938 lina miaka 2 tu kabla ya kupitwa na wakati, au 3 mwajiri akithibitika kuvunja sheria kwa makusudi. Lalamiko la kulazimishwa kwa vitisho linatakiwa lifike FMCSA ndani ya siku 90.

Kisha huwaambia walitume swali la mafunzo kwa barua pepe, hata kama wameshajibiwa kwa simu. Kampuni zinazojibu kwa maandishi ndizo anazowashauri wazichague. Zile ambazo maofisa wake husema "tutazungumza ukifika", huwaambia waziache, hata zikiahidi senti ngapi kwa maili.